Diskasheni ya hesabu za Advansi: chaki ashike asiyejua

Hii naiandika kwa madogo wa fomu faivu na siksi wanaokula PCM, PGM, EGM na kombi zingine zenye hesabu kubwa. Wa BAM, ile Basic Applied Mathematics, mnaweza kusoma pia ila mifano yangu itakuwa ya Advansi, yaani Advanced Mathematics. Sababu ya kuandika ni dogo mmoja ambaye kila wiki ananitumia swali, "kaka nisaidie hili", namsolvia, anashukuru sana, alafu wiki inayofuata analeta swali lile lile namba zimebadilishwa tu. Nikamuuliza we huna watu wa kusoma nao hapo shuleni? Akasema wanalo kundi, tena lina watu arobaini. Nikacheka maana hilo kundi nalijua hata kabla hajalielezea, nimeshawahi kuwa ndani yake.

Sisi tulikuwa sita. Baada ya prepo ya usiku tunabaki darasani, kipanga wetu anashika chaki anashusha nondo, sisi wengine tunanakili na kutikisa kichwa, "eeh hapo sawa, twende." Ubao unajaa, unafutwa, unajaa tena, tunaenda bwenini saa sita usiku tumeshiba. Ikaja moko, ule mtihani wa majaribio. Swali la intigresheni kwenye lile pepa tulikuwa tumelifanya ubaoni kama wiki moja nyuma, tena nilikumbuka mpaka kipanga alisimama upande gani wa ubao na alivyofuta kwa mkono, ila mstari wa kwanza unaanzaje sikumbuki kabisa. Nikakaa nalo dakika ishirini nikatoka kapa. Matokeo siyasemi hapa, mama yangu anasoma hizi vitu.

Kilichotuokoa ni bahati. Kipanga alipewa ruhusa ya kwenda nyumbani wiki mbili, tukabaki sisi vilaza watano tunaangaliana. Hakuna wa kushika chaki, kwa hiyo akashika ambaye hajui. Anaandika mstari mmoja, anakwama, tunabishana, anafuta, anaandika tena, swali moja linatula saa nzima. Ila kesho yake kila mtu alikuwa anaweza kulifanya peke yake. Kipanga aliporudi tukampa sheria mpya: utakaa nyuma, chaki hushiki, na unaruhusiwa kuuliza maswali tu. Alikasirika siku mbili hivi alafu akazoea, na yeye mwenyewe baadae alisema alikuwa hajui kwa nini anafanya vitu fulani mpaka alipozuiwa kuvifanya.

Sasa jinsi ya kuipanga.

Watu wanne au watano wanatosha. Wakizidi hapo lazima kuna ambao watakuwa abiria. Msichague vipanga watupu na msichague marafiki watupu, marafiki watupu mtaishia kwenye stori za mechi. Mkipata mtu mmoja mbishi kweli kweli, yule anayeuliza "kwa nini?" mpaka mnakereka, mshikeni huyo asiondoke, huyo ana thamani kuliko kipanga.

Kabla ya kukutana kila mtu afanye maswali yale yale peke yake, kwa peni, kwa saa. Hii watu wengi wanairuka alafu wanashangaa diskasheni inakuwa lekcha. Pepa la kwanza, kwa fomati tuliyofanyia sisi, lilikuwa na maswali kumi ya lazima kwa masaa matatu, kila swali maksi kumi, kwa hiyo dakika 180 gawa kwa kumi, swali moja dakika 18. Weka simu ihesabu dakika 18, ikilia acha peni hata kama ulikuwa unakaribia. Karatasi yako ya kuungaunga ndo tiketi ya kuingia kwenye diskasheni. Usipokuwa nayo, siku hiyo kaa usikilize, chaki utapewa wa mwisho.

Mkikutana msianze na kusolvu. Anzeni na kutaja majibu tu, kila mtu anasoma jibu lake la kila swali, mtu mmoja anaandika ubaoni. Mahali ambapo wote mmepata sawa piteni haraka. Mahali ambapo majibu yametofautiana, hapo ndo kwenye nyama, na hapo ndo mkae hata usiku mzima.

Niwape mfano mmoja ambao sitausahau. Swali lilikuwa: tatua 2 sin θ − cos θ = 1, θ iwe kati ya nyuzi 0 na 360. Jamaa mmoja katumia t, ile ya t = tan(θ/2), kaweka sin θ = 2t/(1 + t²) na cos θ = (1 − t²)/(1 + t²), kazidisha kote, kapata 4t − 1 + t² = 1 + t². Zile t² zikakatana, ikabaki 4t = 2, t = 1/2, θ = 53.13. Jibu moja, kalipigia mstari mara mbili kwa rula. Dada mmoja yeye katumia njia ya R, ile ya kuunganisha saini na kosaini ziwe saini moja, √5 sin(θ − 26.57) = 1, akapata mbili, 53.13 na 180.

Basi vita. Jamaa anasema "hiyo 180 umeitoa wapi, pitia hesabu yangu mstari kwa mstari nionyeshe kosa." Tukapitia. Kweli kosa hakuna hata moja! Tukapitia ya dada, nayo haina kosa. Mtu akapendekeza tupige kura, tukapiga kweli, jamaa akashinda tatu kwa mbili, dada akakaa kimya huku kanuna. Alafu yule mbishi wetu akasema jamani si tuiweke tu hiyo 180 kwenye swali tuone. Sin 180 ni sifuri, cos 180 ni −1, mbili mara sifuri toa −1 ni moja. Ikakubali. Darasa zima kimya, jenereta tu ndo inasikika kule nje.

Tulikaa karibu nusu saa kutafuta 180 ilienda wapi. Aliyeipata alikuwa ni yule yule jamaa wa t, kasimama ubaoni na chaki anaongea peke yake: θ ikiwa 180 basi θ/2 ni 90, na tan 90 haipo. Kwa hiyo pale juu tulipoandika tu t = tan(θ/2) tulishaifukuza 180 mlangoni bila kujua, hesabu iliyofuata ni safi ila inawahesabu waliobaki ndani tu. Na dalili ilikuwepo: t² zilipokatana, kwadratiki ikageuka linia, jibu moja likamezwa pale. Tangu siku hiyo kila mtu kwenye kundi letu akitumia t anaijaribu 180 pembeni kabla ya kufunga swali. Kwa nini nimelieleza kwa urefu hivi? Kwa sababu kipanga angelisolvu kwa R kwa dakika tano, tungenakili majibu mawili, tungeenda kulala, na hakuna ambaye angejua kwamba t ina shimo.

Kwa hiyo sheria ya pili baada ya ile ya chaki: ubishi hauishi kwa kura wala kwa "ticha alisema", unaisha kwa kurudisha jibu kwenye swali. Mzizi wa ikwesheni urudishwe kwenye ikwesheni. Intigrali idifarenshietiwe uone kama unarudi ulikotoka. Aidentiti ijaribiwe kwa pembe rahisi, weka sifuri, weka 90. Ukifanya limiti, weka namba iliyo karibu sana kwenye kalkuleta. Hii ni tabia ya dakika moja na mtihanini hakuna mwenzako wa kumuuliza.

Hapo hapo kwenye kalkuleta nitoe angalizo. Mara moja tulikuwa na swali la numerikali, kadiria intigrali ya 1/(1 + x²) kutoka 0 hadi 1 kwa kanuni ya Simpson ukitumia ordineti tano, yaani thamani tano za y. Wawili walipata 0.7854, mmoja akakwama, mwingine akaja na 45. Arobaini na tano jamani, eneo ambalo linaingia lote ndani ya boksi la upana 1 na urefu 1! Kumbe alitaka kuhakiki kwa tan inversi ya 1 na kalkuleta ilikuwa kwenye digirii. Ukigusa kalkulasi, kalkuleta iwe kwenye radiani, ukirudi kwenye maswali ya nyuzi uirudishe, andika hata kwenye kiganja. Na yule aliyekwama alichanganya ordineti na vipande: ordineti tano ni vipande vinne, h = 0.25, sio vipande vitano. Angeweka h = 0.2 angepata vipande vitano na Simpson haikubali vipande vya idadi witiri, ndo maana kakwama, na kukwama huko kulikuwa kunamwambia kitu. Kwa h = 0.25 thamani ni 1, 0.9412, 0.8, 0.64 na 0.5, unachukua 0.25/3 mara (1.5 + 4 × 1.5812 + 2 × 0.8), inatoka 0.7854, na ukizidisha kwa nne unaiona pai inakuchungulia, maana jibu halisi ni π/4.

Sasa kuhusu yule kipanga aliyekaa nyuma. Kazi yake ni kutoa hinti, na hinti ina ngazi. Ukitoa hinti kubwa mwanzoni umeshasolvu. Chukua swali la kompleksi namba lile ambalo kila mtu wa Advansi analijua: z = cos θ + i sin θ, onyesha kwamba zⁿ + 1/zⁿ = 2 cos nθ, alafu "hence" andika cos⁴θ kwa kosaini za pembe zilizozidishwa. Dada kashika chaki, sehemu ya kwanza kamaliza kwa kanuni ya De Moivre bila shida, kufika sehemu ya pili kagandia, anataka kuanza na dabo engo, cos²θ = (1 + cos 2θ)/2. Ile njia inafika, ila swali limesema "hence", na "hence" kwenye pepa ni amri, maana yake tumia ulichokionyesha hapo juu. Ingekuwa "hence or otherwise" ungekuwa huru. Njia nyingine nzuri kabisa inaweza kukukosesha maksi hapo, kwa hiyo mkianza swali lolote mmoja asome maneno ya swali kwa sauti na kuyasema kwa Kiswahili, wanataka nini hasa. Pepa ni la kiingereza lakini kuelewa mnaelewa kwa lugha yenu, hakuna aibu hapo.

Turudi kwenye hinti. Hinti ya kwanza iwe swali tu: "hiyo uliyoionyesha, ukiweka n = 1 inakwambia nini?" Alafu nyamaza. Kunyamaza ndo kazi ngumu, hesabu mpaka sitini kimoyomoyo. Akiandika z + 1/z = 2 cos θ mwache aendelee. Akikwama tena, hinti ya pili: "na wao wanataka cos θ mara ngapi?" Hapo wengi wanashtuka, "aaah, napandisha kwa nne kote!" Ya tatu, kama bado: "zile namba za Pascal za nne unazikumbuka?" Moja, nne, sita, nne, moja. Anafungua anapata z⁴ + 4z² + 6 + 4/z² + 1/z⁴, anapanga mbili mbili za kufanana, 2 cos 4θ + 8 cos 2θ + 6. Zikizidi hinti tatu na bado haendi, basi shida haiko kwenye swali, iko kwenye topiki, aachie chaki na kesho yake mtu ampige pindi la hiyo topiki kuanzia chini.

Na hapo mwishoni kuna mtego, upande wa kushoto ni (2 cos θ)⁴, yaani 16 cos⁴θ, watu wanasahau ile mbili nayo inapanda. Dada wetu aliandika 2 cos⁴θ. Kipanga akafungua mdomo, tukamkodolea macho, akaufunga. Yule mbishi akasema "weka sifuri." Kushoto mbili, kulia 2 + 8 + 6, kumi na sita. Mbili sawa na kumi na sita? Dada kacheka mwenyewe, karekebisha, ikatoka (cos 4θ + 4 cos 2θ + 3)/8, kaweka sifuri tena ikatoka moja, kaweka 90 ikatoka sifuri. Chaki kaitupa kwenye boksi kama mchezaji aliyefunga goli.

Maswali ya kuthibitisha yana ugonjwa wake. Mtu anaanza na kile anachotakiwa kukithibitisha, anafanya pande zote mbili kwa pamoja mpaka anapata 0 = 0, anaandika "imethibitika". Mwenzako akifanya hivyo muulize tu ameanzia wapi. Anzieni upande mmoja, ule wenye fujo nyingi, mshuke nao mpaka ufanane na wa pili. Kwenye haipaboliki, zile sinh, cosh na tanh, watu wanapenda sheria ya Osborn, unachukua aidentiti ya kawaida na kubadili alama mahali penye saini mbili zimezidishana, na wanasahau kwamba tan² nayo ina saini mbili ndani yake, kwa hiyo 1 + tan² = sek² inakuwa 1 − tanh² = sech². Itumieni kukumbuka na kuhakiki, ila ukiambiwa uthibitishe rudi kwenye e^x na e^(−x), usimwandikie msahihishaji "kwa Osborn".

Lojiki, seti na linia programingi sitasema mengi, hizo ni maksi za bure mkiwa waangalifu, fanyeni peke yenu na mbadilishane madaftari tu.

Kusahihishana nako kuna namna. Mpe mwenzako karatasi yako, achukue peni nyekundu, asome kama mtu ambaye hakujui na amechoka na ana mafungu mengine mezani. Maksi zinatolewa kwa hatua, kwa hiyo asitafute jibu la mwisho, atafute kama kila hatua inaonekana. "Hapa umetoka mstari wa pili ukarukia wa tano, mi sioni ulichofanya" ni sentensi ya kuambiwa na rafiki sasa hivi kuliko kukatwa mwezi wa tano. NECTA, baraza la mitihani, wana zile ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kila somo lina yake, ziko kwenye tovuti yao bure kabisa, na ndani kuna picha za majibu ya watu waliopata na waliokosa. Sisi tulikuwa tunazifanyia mchezo: mtu mmoja anaonyesha picha ya jibu baya, anaficha maelezo ya chini kwa karatasi, wengine tunatafuta alikosea mstari gani. Anayelipata wa kwanza hafuti ubao siku hiyo. Hakuna kitu kilichonifundisha makosa yangu kama kuyaona kwenye mwandiko wa mtu mwingine.

Mkiwa likizo mko mbali mbali, mnahamia WhatsApp au Telegram, na huko ndo mambo yanaharibika maana chaki haionekani. Meseji ya "wadau naombeni msaada swali la tano" saa tano usiku haina msaada. Pepa gani, mwaka gani, tano lipi? Tuma picha ya swali zima, sio kipande b peke yake, kwa sababu mara nyingi b inakula kwenye a. Piga mchana au chini ya taa, karatasi iwe imenyooka, kivuli cha kichwa chako kisiwepo. Alafu picha ya pili, na hii ndo ya muhimu zaidi, ya ulichojaribu wewe, hata kama ni mistari miwili ya kuungaunga, na useme "nimefika hapa, nilitegemea hiki nimepata kile." Kwenye kundi letu mtu asiyeleta picha ya pili hajibiwi, sheria hiyo ilionekana ya roho mbaya mwanzoni, baada ya mwezi nusu ya maswali yalikuwa yanajijibu yenyewe, mtu anapiga picha alichoandika, anakiangalia, anaona kosa, anafuta meseji.

Kama unaandika kwa kibodi, mabano hayalipiwi. 1/x+2 mmoja anasoma moja juu ya x kisha jumlisha mbili, mwingine anasoma moja juu ya x+2, mnabishana usiku mzima kumbe kila mtu anasolvu swali lake. Andika 1/(x+2). Kipeo tumia ile alama ya ^, mzizi andika √ na mabano yake. Voisi noti zinafaa kueleza wazo, "mi naona hapa tungebadilisha variabo kwanza", lakini hesabu yenyewe kwa voisi ni mateso, x skweadi jumlisha tatu x yote juu ya nini? Hakuna anayesikia mabano.

Anayejibu naye asitume soliusheni nzima ya kurasa tatu. Tuma hinti ya kwanza, subiri. Najua inachosha na najua bando linakatika, ila ukituma yote mwenzako ataisevu tu kwenye simu, na simu haingii kwenye chumba cha mtihani. Ukishapata swali, wewe uliyeuliza unadaiwa: andika upya lote kwa mkono wako bila kuangalia, piga picha, tuma. Hiyo ndo stakabadhi.

Programu za simu zinazosolvu kwa kupiga picha zipo, sizikatai, tumieni kuhakiki jibu baada ya kumaliza. Ila zina tabia ya kuleta njia ambayo haiko kwenye silabasi yako au kuruka hatua kama nne, na wewe ukiinakili utaulizwa na mbishi "hii imetokaje?" utabaki unacheka cheka. Na ikifika karibu na mtihani kuna watu wataingia kwenye kundi na habari za pepa limevuja, lipia uone. Mtoeni bila kumjibu. Mbali na kwamba unaweza kufutiwa matokeo, zile wiki za mwisho mtu anazitumia kusolvu karatasi aliyoitunga tapeli akiwa gesti.

Wiki za mwisho sisi tulibadilisha mtindo, tukaacha swali moja moja tukawa tunafanya pepa zima asubuhi, kimya, masaa matatu, alafu mchana diskasheni ya yale tuliyotofautiana tu. Pepa la pili lilikuwa na mgawanyo wake, sehemu A maswali manne ya maksi 15 na sehemu B unachagua mawili ya maksi 20, kwa hiyo dakika 27 kwa la A na 36 kwa la B, ukijumlisha inatimia 180 kamili bila hata dakika ya kwenda chooni. Mkague fomati ya mwaka wenu kwanza maana silabasi zinabadilika. Hapo kwenye kuchagua fanyeni zoezi dogo: kila mtu apewe dakika tatu kusoma sehemu B yote na kusema atachagua yapi na kwa nini, bila kusolvu. Utashangaa mtu anachagua probabiliti kwa sababu ni fupi kusoma, kumbe difarensho ikwesheni ambayo ni ndefu kusoma ndo anaiweza.

Diskasheni ya kwanza msihangaike kutafuta pepa gumu. Anzeni na hili: tatua 3 sin θ − 2 cos θ = 2, nyuzi 0 hadi 360. Nusu yenu watumie t, nusu watumie R, msionyeshane mpaka dakika 18 ziishe. Chaki mpeni yule ambaye amepata jibu moja.